Sawa ina AI, lakini inanifanyia nini?

Siku hizi ukienda kununua tivii au mashine ya kufulia lazima ukute stika ya AI, na ukimuuliza muuzaji hiyo AI inafanya kazi gani anakujibu "hii ndo ya kisasa zaidi bosi". Kisasa kivipi sasa? Ukimbana sana ndo unasikia eti inapima uzito wa nguo na uchafu halafu inaamua yenyewe itumie maji kiasi gani, kitu ambacho Matsushita ya Japani ilikuwa inauza tangu mwaka 1990, ila enzi hizo neno la mjini lilikuwa "fuzzy" na likabandikwa mpaka kwenye masufuria ya umeme ya kupikia wali.

Mi naona shida ni kwamba kampuni inatutajia kilichoitoa jasho, wakati mnunuzi anataka kujua ataondokewa na kazi gani. George Eastman, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya Kodak, alilijua hilo mapema. Mwaka 1888 kupiga picha ilikuwa balaa, vioo vya kunasia picha, kemikali, chumba cha giza, yeye akaja na kamera ya Kodak ya dola 25 na tangazo linalosema we bonyeza kitufe, yaliyobaki tuachie sisi. Na kweli, ukimaliza picha zako 100 unaituma kamera nzima kiwandani Rochester, Marekani, pamoja na dola 10, wanakusafishia picha, wanakuwekea filamu mpya, wanakurudishia. Kemikali hata hazitajwi!

iPod ya 2001, kile kidude cha Apple cha kusikilizia muziki, nayo ilifuata njia hiyohiyo, nyimbo 1,000 mfukoni, habari za gigabaiti 5 baadaye. Segway ya mwaka huohuo, kile chombo cha umeme cha magurudumu mawili unachopanda umesimama, ikatuelezea vizuri sana inavyojisawazisha isianguke, ila nani hasa anaihitaji kwa karibu dola 5,000, kimya.

Ila iliyonifurahisha zaidi ni Google Glass, ile miwani ya Google yenye kamera. Matangazo yake yalikuonyesha dunia kwa macho ya aliyevaa, anaruka angani, anacheza na watoto, raha tupu, kumbe na aliyekaa mbele yake naye ni mtu. Baa kadhaa Marekani zikaipiga marufuku, maana kila aliyetazamwa alikuwa na swali moja tu, "we jamaa unanirekodi?", na hakuna tangazo lililowahi kumjibu huyo.