Siku nzima nikigeuza namba

Saa 11:25 alfajiri

Nimeamshwa na bipu. Mlio mmoja na nusu, kimya. Naangalia: karani wa zamu ya usiku wa kampuni ya uwakala wa forodha, wateja wetu walioko Barabara ya Nyerere, upande wa Tazara. Nikampigia.

"Samahani kaka fundi, najua ni mapema. Zile namba bado hazipigiki."

Zile namba ni za watu waliopiga wakakosa kupokelewa. Jumamosi tuliwahamisha kutoka kwenye mtambo wao mkongwe wa simu, tukawawekea simu mpya za mezani zenye kioo. Kioo kinaonyesha nani kapiga, na ukibonyeza jina au namba inapiga yenyewe. Ndivyo tulivyowaambia. Kumbe ukibonyeza unapata mlio wa kukataliwa. Kwa watu wa forodha hilo si dogo: dereva aliyekwama Tunduma hana salio, anachoweza ni kubipu. Usipomrudia, lori linalala mpakani.

Saa 12:40 asubuhi

Kimara, foleni ya mwendokasi. Nimesimama hadi mjini nikiwa nimekumbatia begi la laptopu kama mtoto mchanga. Sitasema zaidi, wanaopanda wanajua.

Saa 2:20 asubuhi

Nimefika. Mapokezi: "Karibu kaka, leo utatutoa?" Mhasibu naye anaingia, mama wa makamo aliyeiona ofisi hii tangu enzi za teleksi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Simu zenu nzuri, ila zinatudharau."

Chumba cha seva ni stoo yenye kiyoyozi. Roota imekaa juu ya kabati, imezungukwa na maboksi ya karatasi za printa. Ni roota ya Cisco yenye kadi ya E1: waya mmoja kutoka kwa kampuni ya simu, mazungumzo 30 kwa wakati mmoja. Upande wa pili wa roota kuna mtandao wa ofisi na simu za mezani. Kazi ya roota ni kukaa katikati na kutafsiri. Sauti inaitafsiri yenyewe bila kusumbua. Namba ndizo zinazotaka mtu.

Maana namba ya simu ina majina mengi, kama mtu. Chukua namba yoyote ya mkononi ya hapa. Mwenye nayo anaiandika kwa tarakimu 10, inaanza na 07 au 06. Kampuni ya simu inapoileta kwenye E1 inakata sifuri ya mbele, zinabaki 9, halafu inaibandika alama ya pembeni inayosema "hii ni ya kitaifa". Mtu wa Nairobi anaijua kwa 255. Na simu ya mezani ya ofisi hii, ili itoke nje, inataka 9 kwanza, kisha sifuri, kisha zile tisa. Ni mtu mmoja, wala hajahama.

Saa 3:10 asubuhi

Nimechomeka kebo ya konsoli. Kabla ya kugusa chochote nafungua `debug isdn q931`, amri inayonionyesha ishara zote za simu zinazopita kwenye E1, na kujipigia mwenyewe kutoka simu yangu ya mkononi kwenda namba ya ofisi. Mistari inaporomoka. Mmoja ndio ninaoutaka:

`Calling Party Number i = 0x2181, '7xxxxxxxx'`

Hapo kila kitu kimesemwa. Tarakimu tisa, zinaanza na saba, sifuri haipo. Ile 0x21 mbele yake ndiyo alama ya pembeni niliyoitaja: 2 ni "kitaifa", 1 ni mpango wa namba wa ISDN, yaani wa simu za kidijitali. Ingekuwa simu kutoka nje ya nchi ingesomeka 0x11. Kioo cha simu ya mezani hakijui alama hizo. Kinaonyesha tarakimu tu, na karani akibonyeza, roota inapokea namba inayoanza na 7 isiyo na 9 mbele. Haiijui. Inakataa. Haki yake.

Jumamosi tulipojaribu tulipiga kwenda nje, tukapigiwa kuja ndani, tukapeana mikono. Hakuna aliyefikiria kubonyeza namba iliyokosa kupokelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa msimamizi, kwa hiyo sina wa kumnyooshea kidole.

Saa 3:50 asubuhi

Dada wa mapokezi ananiambia kuna simu ya mteja ilikatika "leo hii, saa tatu na dakika arobaini". Natafuta kwenye kumbukumbu za roota: 09:40 hakuna kitu. Nikakuna kichwa, kisha nikaangalia saa ya roota. Haikuwekwa majira ya hapa, inatembea na UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Saa tatu ya dada ni saa tisa ya kompyuta, na saa tisa ya kompyuta ni saa sita ya roota hii. Simu ipo, 06:40, mteja alikata mwenyewe kwa kawaida. Tafsiri nyingine hiyo, na hailipwi. Nikaweka majira ya Afrika Mashariki, nikaendelea.

Saa 4:30 asubuhi

Kanuni yenyewe ni mstari mmoja. Unaandika unachotafuta kati ya mistari ya mshazari, kisha unachotaka kiwe:

`voice translation-rule 10`
`rule 1 /^\([2-7]........\)/ /90\1/`

Kile kikofia kinasema "anzia mwanzo wa namba". Mabano ya mraba: tarakimu ya kwanza iwe kati ya 2 na 7, maana za mezani za kwetu zinaanza na 2 (22 ya Dar es Salaam, 28 ya Mwanza na jirani zake) na za mkononi na 6 au 7. Nukta nane ni tarakimu nane zozote. Kilicho ndani ya mabano kinahifadhiwa, na `\1` inakirudisha baada ya 90. Kanuni ikishaandikwa unaiweka ndani ya wasifu, unaiambia ni namba ya anayepiga inayoguswa, si ya anayepigiwa, kisha wasifu unaufunga kwenye mlango wa E1, `voice-port 0/1/0:15`. Wanafunzi wa mafunzo ya vitendo huniuliza hiyo 15 imetoka wapi. Chaneli ya kubeba ishara kwenye E1 ni ya 16, ila roota inaanza kuhesabu na sifuri.

Nikajaribu kwa `test voice translation-rule 10` na namba yangu. Ikajibu kanuni ya kwanza imekubali, namba mpya 907 na kuendelea. Nikajipigia, nikakata, karani akabonyeza, simu yangu ikaita mfukoni. Ofisi ikapiga makofi. Mtu akaniletea chai na chapati mbili.

Ningeondoka hapo ningekuwa na siku nzuri sana.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage na dagaa kwa mama lishe nje ya geti. Pilipili yake ni ya kutafsiriwa pia.

Saa 8:15 mchana

Mhasibu kanisimamia mlangoni mwa stoo, miwani mkononi.

"Mwanangu, Nairobi mmeipeleka wapi?"

Wakala wao wa Nairobi alimpigia wakati wa chakula, akamkosa. Mama akabonyeza. Sauti ya mashine ikamwambia namba haipo. Akarudia mara tatu, maana yeye si mtu wa kukata tamaa. Nikaangalia kioo cha simu yake: 90254712 na nyingine sita.

Nilielewa kabla sijakaa. Kanuni yangu inasema "anzia mwanzo", lakini haisemi "ishia hapa". Namba ya Kenya imekuja na tarakimu 12, 254 mbele. Inaanza na 2. Ina tarakimu nane nyuma yake, na zaidi. Kanuni ikazichukua tisa za mwanzo, ikazivika 90, tatu zilizobaki zikaburuzwa nyuma kama mkia. Mama alipobonyeza, 9 ikadondoka, kwa kampuni ya simu ikafika 0254712… Na hapa kwetu 025 ni namba ya eneo la Mbeya.

"Mama, nimeipeleka Mbeya."

"Basi irudishe."

Kwenye debug sababu ya kukatwa ilikuwa `0x8281`. Tarakimu mbili za mwisho ni za kusoma kwa kutoa 80: inabaki 1, namba isiyokuwepo. Ingekuwa 9C, ukitoa 80 inabaki 1C, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni 28, namba yenye mpangilio mbovu. Tofauti ya 1 na 28 imeshaniokoa mara nyingi: 28 inamaanisha hawakuielewa namba, 1 inamaanisha wameielewa vizuri kabisa na hakuna mtu huko. Nilichotuma kilikuwa na sura ya namba halali. Ubaya wa kosa la aina hii ni kwamba linapendeza.

Saa 9:00 alasiri

Nimeandika upya. Safari hii sibahatishi kwa kuangalia tarakimu peke yake. Natumia ile alama ya pembeni ambayo kampuni ya simu inanipa bure kila siku nami nilikuwa naitupa:

`rule 1 /^\(.*\)$/ /9000\1/ type international unknown`
`rule 2 /^\([2-7]........\)$/ /90\1/ type national unknown`

Ya kimataifa inatangulia, kwa sababu roota ikikuta kanuni inayokubali inaishia hapo, haishuki kutazama ya chini. 000 ni namba yetu ya kutokea nje ya nchi. Alama ya dola ndiyo ile "ishia hapa" niliyoisahau asubuhi. Nikajaribu kwa namba ya Kenya, ya Dubai, ya Dar ya mezani, ya mkononi, na simu iliyofichwa namba, ambayo inakuja bila aina yoyote na inatakiwa ipite kama ilivyo. Kisha namba za dharura, 112 na 114, kwa kwenda nje, pamoja na zikiwa na 9 mbele, maana mtu anayeona moto hakumbuki 9. Hizo sizipigi kwa kujaribu. `Show dialplan number 112` inatosha kunionyesha roota ingepita njia gani.

Mama akabonyeza. Nairobi ikaita.

Saa 9:40 alasiri

Mama bado yupo. "Na nikipiga mwenyewe, sifuri sifuri tano, inakataa."

Vijana wa ofisi walicheka, hawajawahi kuisikia. Mimi naijua. Kati ya nchi zetu tatu kuna njia fupi ya kupigiana: Kenya ni 005, Uganda 006, na wao wakitupigia sisi ni 007. Mama amepiga 005 miaka yote. Njia tulizoweka Jumamosi zilikuwa na 000 pekee. Ningeweza kumfundisha kupiga 000254. Niliona ni rahisi zaidi kuifundisha roota: kwa simu zinazotoka mezani, `/^9005/` iwe `/9000254/`, na ndugu yake wa 006 iwe 256. Dakika nne. Mama hakushukuru, alisema tu "ndiyo hiyo", akarudi kwenye vitabu vyake.

Saa 10:15 alasiri

Nikiwa bado na roota mkononi, tawi lao la Nairobi nao wakasikia kuna fundi. Jamaa wa kule: "Boss, kuna wateja hatuwezi kuwapigia kabisa, wengine wako sawa." Nikamwomba anisomee namba zinazogoma. Ya kwanza 01, ya pili 01. Sikuhitaji ya tatu. Kenya ilianza kutoa namba za mkononi za 01 mwaka 2019, na roota yao bado ina njia iliyoandikwa `907........` na mtu ambaye aliamini 07 ni ya milele. Tukaifanya `90[17]........`, akajaribu, ikaita. Akataka kujua kwa nini hawakuliona miaka yote. Nadhani waliliona, wakawa wanatumia simu zao za mkononi.

Saa 11:30 jioni

Naandika ripoti. Kila kanuni naiandikia mfano wake: inaingia nini, inatoka nini, nani aliiomba. Kwenye ile ya 005 nimeandika "mhasibu, usiifute". Anayekuja baada yangu ataiona kanuni ya ajabu na atatamani kusafisha. Nimehifadhi mipangilio, nimechukua nakala, nimefunga stoo.

Saa 3:05 usiku

Nyumbani, ugali mezani. Bipu. Namba ya mezani ya wale wale. Simu zote za ofisi zikitoka zinaonyesha namba moja ya mapokezi, hivyo huwezi kujua ni nani. Nikapiga. Akapokea mlinzi.

"Nilikuwa najaribu tu kaka, karani kaniambia zimepona."

"Hebu soma kioo, kinasemaje sasa hivi?"

Akasoma taratibu, mojamoja. Tisa. Sifuri. Saba. Nikamwacha amalize zote.