Siku ringi ilipopata moto

Kijana aliweka kidole juu ya ramani niliyokuwa nikipangia safari ya baiskeli, kwenye ule mstari wa buluu wa mto, akauliza: "Mjomba, kwa nini tusifuate mto tu? Maji hayapandi mlima." Nilimjibu kwa ufupi kwamba kule chini malori yametutangulia. Jibu refu lilinijia baadaye, likaja na ile harufu ya raba za breki zilizoungua kwenye mteremko wa njia ya mashariki, siku ya mwenzangu na gurudumu lake la mbele.

Ni kweli maji hayapandi. Lakini bondeni sehemu tambarare ni ile sakafu peke yake, na kila mtu anaitaka: barabara kuu, reli, mashamba, nyumba. Barabara tulivu husukumwa ubavuni, na ubavu wa bonde haukai sawa hata siku moja. Kila kijito kinachoteremka kujiunga na mto kimejichimbia kibonde chake, kwa hiyo barabara ya ubavuni hushuka hadi kijitoni, ikavuka, kisha ikapanda bega la kilima linalofuata. Kwenye ramani utaiona mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, imejikunja mfano wa herufi V, ncha ikielekea kijito kinakotoka. Hesabu hizo V kabla ya kuhesabu kilomita. Kama kontua zimepishana kwa mita 20, kila mstari unaoukata ukipanda ni mita 20 za mwinuko, na jumla utakayopata huwa pungufu ya ukweli, maana kilima cha mita 15 kinaweza kujificha chote kati ya mistari miwili.

Njia yetu siku ile ilikuwa kilomita 48 na mita 900 za kupanda, yaani karibu mita 19 kwa kila kilomita. Kwa kipimo changu, chini ya 10 mnaweza kuzungumza njia nzima. Kwenye 15 mazungumzo yanakatika. Ikikaribia 20, gia yako ndogo ndiyo itakayoamua kama utapanda ukiwa kitini au utasukuma baiskeli kwa mkono.

Tuliondoka mapema tukielekea mto unakokwenda. Sababu yake ni upepo. Hali ya hewa ikiwa tulivu na jua likiwaka, hewa ya bondeni hupata joto mchana na kuvuma kupanda bonde. Usiku hupoa, ikawa nzito, ikateremka. Anayekwenda upande wa chini asubuhi na kurudi upande wa juu alasiri husukumwa mgongoni wakati miguu imechoka. Ubaya wake ni ukungu. Hewa baridi iliyoteremka usiku hulala kwenye sakafu ya bonde, na taa ya nyuma inahitajika hata kama huko juu jua limeshatoka.

Miinuko tuliipita bila matata. Sote tulikuwa na sproketi, yaani gurudumu la meno la mnyororo, ya meno 34 mbele na 34 nyuma, na mzunguko mmoja wa pedeli uliisogeza baiskeli karibu mita 2.1. Ukikanyaga mara 60 kwa dakika, hiyo ni kilomita saba na nusu kwa saa, mwendo unaoweza kuushikilia kwenye mwinuko wa asilimia 8 bila kupasua mapafu. Wapo wanaoiona gia ndogo kama aibu. Tour de France yenyewe, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, iliwazuia waendeshaji kutumia kibadilishia gia hadi 1937, na milima haikupungua kimo kwa katazo hilo. Kitu kimoja tu kwenye njia za namna hii: daraja la kijito huwa kwenye kina cha V, na mwinuko huanza palepale linapoishia. Badili gia ukiwa bado unateremka, mnyororo ukiwa mwepesi. Ukingoja hadi uukanyage kwa nguvu zote, utagoma, utachomoka, au utakatika.

Ndipo tukafika juu ya mteremko wa kuingia kwenye daraja kubwa. Kilomita mbili, mita 200 za kimo, wastani wa asilimia 10. Barabara nyembamba ya lami, majani yameota katikati, kokoto zimesombwa na mvua hadi kwenye kona, na kona zenyewe hazionyeshi kinachokuja. Huwezi kuachia baiskeli mahali kama hapo. Mwenzangu alitangulia, na mifuko yake miwili nyuma. Yeye, baiskeli na mzigo pamoja vilikuwa kama kilo 100. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye breki tangu juu, na breki zenyewe zilikuwa za kubana ringi.

Nilikuwa nyuma yake kwa umbali wa kona moja. Kwanza ilinifikia harufu. Halafu nikauona mkono wake wa kulia unalegea na kukaza, unalegea na kukaza, kama mtu anayejaribu kuiona breki iko wapi. Kisha ukaja mlio mmoja mkavu, *pah*, na baada yake mlio wa chuma juu ya lami. Tairi la mbele lilikuwa limelala. Alifanya kila kitu kwa usahihi: hakupinda usukani, aliachia breki ya mbele papo hapo, akarudisha makalio nyuma ya kiti, akabana ya nyuma polepole mpaka baiskeli ikasimama kwenye majani. Tairi la mbele likiisha upepo ghafla, kinachomwangusha mtu ni kukata kona au kubana breki ya mbele, kwa sababu tairi tupu huteleza juu ya ringi na gurudumu halifuati tena usukani.

"Usiguse," aliniambia nilipoinama. Akadondosha maji kidogo kutoka kwenye chupa. Tone lilichemka juu ya ringi, likakimbia, likapotea.

Hesabu yake ni rahisi. Kilo 100 zikishuka mita 200 hutoa nishati ya karibu jouli 196,000, inayotosha kuchemsha zaidi ya nusu lita ya maji kutoka nyuzi 20. Ukishuka polepole, upepo unachukua kidogo sana, na karibu yote inaingia kwenye breki. Chukulia nusu yake iliingia kwenye ringi ya mbele. Ringi ya aluminiamu ya gramu 500 hupanda nyuzi moja kwa kila jouli 450 hivi. Bila hewa ya kuipoza ingepanda nyuzi zaidi ya 200. Hewa ilikuwepo na ilisaidia, lakini mlima ulikuwa na haraka kuliko hewa.

Tulingoja. Tyubu mpya haifungwi kwenye ringi ya moto, maana kilichoua ya kwanza bado kipo. Ringi ilipokubali kushikwa kwa kiganja, tukafungua. Mwenzangu ana desturi ambayo nami nimeichukua: maandishi ya tairi hukaa daima mkabala na valvu. Ukishaitoa tyubu, unailaza juu ya tairi, valvu kwa maandishi, na tundu linakuonyesha mahali pa kutafuta chanzo. Tundu letu halikuwa upande wa barabara. Lilikuwa upande wa ndani, unaotazama spoki, mduara mdogo uliotuna kisha ukapasuka katikati. Mwiba hauachi alama hiyo. Tukatazama utepe wa ringi, ule unaofunika matundu ya spoki. Ulikuwa wa plastiki. Juu ya kila tundu ulikuwa umebonyea, na kwenye tundu moja ulikuwa umezama kabisa, ukingo wake umechanika. Tyubu ilisukumwa humo kwa shinikizo, ikavimba, ikapasuka.

Utepe wa akiba hatukuwa nao. Alichokuwa nacho ni utepe wa kitambaa wenye gundi, ameuzungushia pampu kwa ajili ya dharura. Tuliupasua kwa urefu ili upana wake ulingane na sakafu ya ringi na usipande kwenye kingo, kwa sababu ukipanda pale tairi halikai vizuri. Tukauzungusha raundi mbili, karibu mita nne kwa jumla, tukiuvuta ili usiwe na mikunjo, kisha tukatoboa tundu la valvu kwa ncha ya bisibisi. Kabla ya kurudisha tairi nilipitisha vidole ndani yake polepole, desturi ya lazima hata ukiwa na hakika ya chanzo. Tyubu ilijazwa upepo kidogo kwanza ili isijikunje, tairi likarudishwa kwa mikono bila kutumia vijiti vya kubandulia tairi, na valvu ikasukumwa juu mara moja kuhakikisha tyubu haikubanwa chini ya ukingo. Alianza safari na shinikizo la upepo la 75 PSI kwenye tairi la upana wa milimita 28. Tuliishia kwenye 60.

Sehemu iliyobaki aliishuka kwa namna nyingine. Kwenye kipande kilichonyooka na kuonekana, aliachia breki kabisa. Mita chache kabla ya kona akabana zote mbili kwa nguvu, kisha akaachia tena. Kasi ikiongezeka maradufu, upinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nishati inayoondolewa na hewa kila sekunde huongezeka mara nane. Kwa hiyo kwenda haraka kidogo pale panaporuhusu huipunguzia ringi kazi kubwa, na ule muda wa kuachia huipa nafasi ya kupoa. Pale pasiporuhusu, tulisimama. Tulisimama tukisubiri chuma kipoe, tukautazama mto, tukashuka tena.

Tulibishana daraja zima na mwinuko wote wa ng'ambo.

"Ni utepe, ndugu yangu," alisema. "Ule ulikuwa mkuukuu. Utepe mzuri ungevumilia."

"Kaka, utepe ulikuwepo jana na juzi. Kilichobadilika ni joto."

Akanifanyia hesabu ya upepo, na bado sijapata la kuijibu. Hewa iliyo ndani ya tyubu ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 80, 75 PSI huwa takriban 93. Tairi zima na utepe mzima huhimili hapo bila shida. Kwa hiyo shinikizo peke yake halikupasua kitu. Lakini plastiki hulainika kwa joto, na utepe ule ule, mkuukuu hivyo hivyo, ulikuwa umemshusha milima mingine mifupi pasipo tatizo. Yeye huona kwamba joto lilifichua ubovu uliokuwepo. Mimi naona kwamba barabara tulivu ya bondeni hudai malipo mara mbili, kwanza miguuni wakati wa kupanda, halafu kwenye ringi wakati wa kushuka, na sisi wapanga njia tunahesabu malipo ya kwanza tu. Programu zote za ramani nilizotumia huonyesha jumla ya mita za kupanda kwa maandishi makubwa. Ukali wa mteremko unautafuta mwenyewe.

Tangu hapo nikipanga njia huigeuza kichwani na kuitazama kwa kinyume. Penye chaguo, napanda upande mkali na kushuka upande mrefu. Mita 200 zile zile zikigawanywa kwa kilomita tatu na nusu ni chini ya asilimia 6, na hapo hewa inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Kwenye bonde lile kuna barabara ya namna hiyo upande wa kaskazini, ila kilomita yake ya mwisho inaingia kwenye barabara kuu, isiyo na nafasi ya pembeni. Mwenzangu haitaki hata kuisikia. Ameweka utepe wa kitambaa kwenye magurudumu yote mawili na anashuka mashariki kama zamani, mifuko yake nyuma. Nikiwa peke yangu bila mzigo, nami hushuka mashariki, nikisimama katikati ya mteremko kupitisha kiganja karibu na ringi. Nikiwa na mzigo, usiku wa kuamkia safari bado naziangalia barabara zote mbili kwenye ramani, na sijawahi kuchagua kwa moyo mmoja.