Kitufe cha dharura kisichoita mtu

Gari langu la mwaka 2014, ninaloliendesha hapa Texas, bado lina kitufe cha SOS karibu na kioo cha ndani, lakini tangu kampuni kubwa za simu za Marekani zilipozima mitandao yao ya 3G mwaka 2022, kitufe hicho hakiiti mtu yeyote. Modemu yake, yaani kifaa kinachoiunganisha gari na mtandao wa simu, haiwezi kutumia 4G, na mtengenezaji alinijibu kwa barua fupi kwamba modeli yangu haina kifaa mbadala. Mifuko ya hewa haitegemei mtandao. Kilichopotea ni ile simu inayojipiga yenyewe baada ya ajali na kueleza gari lilipo, hata dereva akiwa amezimia. Taa ya kitufe (nadhani huu ni uzembe mkubwa) inaendelea kuwaka, na abiria wangu wote huiamini.