Injini ya mbio ilikula oili hadi niliposugua silinda upya

Injini ilikuwa imetoka kufanyiwa ovahoo, yaani kufunguliwa na kukarabatiwa yote, lakini kila ukikanyaga mafuta inatoa moshi wa buluu. Nilifungua hedi, kifuniko cha juu ya silinda, nikakuta kuta za silinda zinang'aa kama kioo. Tatizo lilikuwa hapo. Ukuta unataka mikwaruzo iliyopishana ya kushika oili, na katikati yake uso laini wa kubeba ringi za pistoni. Pasipo mabonde ya mikwaruzo hiyo, oili haina pa kukaa. Vilele vya kati ya mabonde vikiachwa vikali, vinatafuna ringi.

Kuna jambo ambalo wengi hulipuuza: bolti za hedi zikikazwa, silinda inapinda kidogo. Iliyo duara kamili mezani inapoteza duara ikishafungwa. Kwa hiyo, baada ya kupima na kuona nafasi kati ya pistoni na ukuta bado inaruhusu kusugua, nilifunga bamba nene la chuma mahali pa hedi, na gasketi ya aina ileile, nikakaza kwa toki (nguvu ya kukaza bolti) ileile ya hedi. Nikasugua kwa mawe ya kusugulia ya namba 280, kisha 400 yaliyo laini zaidi, nikirekebisha kasi ya kupanda na kushuka mpaka mikwaruzo ikapishana kwa nyuzi karibu 45. Mwisho nikapitisha brashi ya kukata vilele, mara chache tu.

Usioshe kwa petroli peke yake, unga wa mawe unabaki ndani ya mikwaruzo. Maji ya moto, sabuni na brashi, kisha kitambaa cheupe chenye oili, mpaka kitoke cheupe vilevile. Nikaweka ringi mpya, na ilipowaka nikaipa mzigo mapema badala ya kuiacha ikiunguruma bure. Moshi ukakata.