Joto hili la Januari: matunda na chizi, jiko halijawashwa

Jamani Jinja imechemka. Hapa Walukuba tangu Krismasi mvua hatujaiona vizuri, ikifika saa saba mchana bati linalia juu na ukiwasha sigiri unatoka jikoni nguo imegandia mgongoni, na Jumapili iliyopita ndiyo nilikuwa na wageni 11, wakwe, wanatoka Bushenyi, kule Ankole magharibi mwa Uganda. Chakula chenyewe nilikipika alfajiri kabla ya jua nikakifunika. Lakini mgeni aliyesafiri toka usiku huwezi kumkalisha tu anaangalia ukuta mpaka sahani zije, lazima apate kitu cha kutia mdomoni, na mimi nilishaapa sambusa hapana, kukaanga hapana, jiko limefungwa. Basi ikawa matunda na chizi, yaani jibini.

Najua wengi wetu chizi tunaiona kama kitu cha pizza au cha hotelini. Lakini chizi ya Gouda, ile ngumu ya njano, ingawa jina ni la mji wa Uholanzi, inatengenezwa hapa hapa Uganda kwa maziwa ya ng'ombe wa magharibi, na kipande kidogo tu ukikikata vipande vya ukubwa wa kete kinatosha watu wengi kwa sababu tunda ndilo linajaza sahani. Nilinunua na chizi nyeupe ile ya chumvi inayovunjika vunjika, feta, na hiyo ndiyo mwenzake na tikiti maji. Ujaribu. Tikiti baridi kutoka friji, feta juu, majani ya nanaa umeyachana kwa mkono, ndimu kidogo, basi. Ila usiiweke mapema kwa sababu ile chumvi inavuta maji ya tikiti na ndani ya nusu saa sahani inaogelea.

Embe nilichukua yale yameiva lakini bado yanashika kisu, nikakata vipande virefu, ndimu, pilipili ya unga kidogo sana kama wale wanaouza barabarani wanavyofanya, halafu kipande cha Gouda pembeni kwenye kijiti kimoja. Utamu, ukali, mafuta ya chizi, vyote vinakuja pamoja mdomoni. Mimi hii ndiyo naipenda kuliko zote.

Sasa nanasi. Hapa nataka tuelewane vizuri kwa sababu Desemba niliharibu bakuli zima. Nanasi la Kayunga, tamu, limenuka nyumba nzima, nikalikata usiku nikalichanganya na chizi laini ya kupaka nikaweka friji ili asubuhi nisisumbuke. Asubuhi nafungua nakuta maji maji, na nikionja ni chungu, yaani uchungu kabisa, nikafikiri chizi ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromelini ambacho kinakatakata protini, ni hicho hicho kinakuwasha ulimi ukila nanasi jingi, na chizi ni protini kwa hiyo ukiviacha pamoja usiku kucha kinaifanyia kazi mpaka inayeyuka na kuwa chungu. Papai nalo lina chake, papaini, na lile ambalo halijaiva ndilo lina nyingi zaidi. Nanasi la mkebe halifanyi hivyo kwa sababu limepitishwa kwenye moto, lakini sisi tunaoishi karibu na Kayunga la mkebe la nini? Kata nanasi lako, liweke peke yake, chizi peke yake, uvikutanishe wageni wakiwa wameshavua viatu mlangoni. Hapo havina ugomvi.

Kitu kingine, chizi ngumu ikitoka friji moja kwa moja haina ladha, iache nje kama nusu saa, kwa joto letu hata robo saa inatosha. Lakini chizi laini na matunda yaliyokatwa usiyaache mezani mchana kutwa, joto likipita digrii 32, muda wa saa moja tu ndiyo mwisho, kilichobaki kirudi friji. Na matunda yaoshwe kabla ya kukata, hata tikiti ambalo ganda hatuli, maana kisu kinabeba uchafu wa nje kinaupeleka ndani.

Shangazi yake mume wangu, mama mkubwa wa watu, mumewe alikuwa jeshini kwa hiyo Kiswahili anakiongea kutupita sote, alichukua kijiti cha embe akakigeuza geuza.

"Mwanangu, hii nyeupe ya njano ni nini?"

"Ni chizi, shangazi. Ni maziwa yameganda."

Akala polepole, akanyamaza, akachukua cha pili. Halafu akasema, "Basi si maziwa yetu haya." Akaanza kutueleza eshabwe, samli ambayo haijapita motoni, inapigwa na maji baridi na chumvi ya mawe, unapiga mkono unachoka mpaka inageuka nyeupe kabisa, inaliwa na karo, ule ugali wa ulezi, hasa kwenye harusi. Nilikuwa nimeila mara nyingi na sijawahi kufikiri kwamba watu wa Ankole walishajua zamani kumpa mgeni maziwa bila kuwasha moto. Akaniambia nikienda kwake atanifundisha kuipiga mwenyewe, nije na mikono yenye nguvu. Nimemwambia Pasaka niko kwake.

Karibu nisahau ndizi. Zile ndogo tamu, sukali ndiizi, unakata vipande, unachovya kwenye asali, unabingirisha kwenye simsim iliyokaangwa tayari ile ya sokoni, na kipande chembamba cha Gouda juu. Hizo niliweka mbele ya watoto. Sahani ilirudi jikoni na simsim tu.