Mzee wa funguo

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekuwa na uchungu, wacha niseme ukweli. Jumapili tulipofunga ile harambee ya paa majina ya waliojitolea yalisomwa na langu halikuwepo, na ni mimi nimekimbizana na mafundi na mabati miezi mitatu mizima. Nikarudi nyumbani nimenuna, chakula nikasema sina njaa, mama watoto akaniangalia tu akaondoa sahani.

Usiku nikafungua Mhubiri 9, yule maskini aliyeuokoa mji kwa hekima yake halafu hakuna aliyemkumbuka. Nikasema ehe, huyu ni mimi kabisa.

Sasa Jumanne tukapeleka watoto wa Sunday school makumbusho Nairobi, tukasimama mbele ya mifupa ya yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale kabisa (mambo ya miaka milioni moja na nusu najua yanatugawa, leo tuyaache hapo). Mtoto mmoja akauliza, nani aliokota? Ni Kamoya Kimeu, mzee wetu wa Ukambani, mtu aliyechunga mbuzi na shuleni hakufika mbali. 1964 alishaokota taya la kale kule Peninj karibu na Ziwa Natron, Tanzania, halafu 1984 kule Nariokotome, Turkana, siku ya mapumziko wenzake wanafua nguo, yeye akatoka kutembeatembea akaona kipande kidogo cha fuvu la huyo kijana kimelala kwa kokoto, rangi ni ile ile ya kokoto. Mimi na wewe tungekikanyaga tukapita. Miaka na miaka anainama kwa jua la Turkana kwa ajili ya makumbusho yetu, na kuna wanyama wawili wa kale wa jamii ya nyani wana jina lake. Na alishukuriwa akiwa hai, hapo ndipo moyo wangu ulishikwa. 1985 Rais Reagan alimpa medali White House, 2021 chuo cha Case Western Reserve huko Marekani kikampa udaktari wa heshima, Julai 2022 akalala. Angengojewa mwaka mmoja tu hiyo shukrani ingesomwa kwa jeneza.

Wapendwa sisi ni hodari wa matanga! Hema tutakodi, tisheti zenye picha tutachapisha, na huyo mtu alipokuwa anaomba nauli ya hospitali simu zetu zote zilikuwa mteja. Warumi 13 inasema astahiliye heshima, heshima, haikusema baada ya kuzikwa. Kama kuna mtu alikufundisha kusoma Biblia na bado anapumua, mpigie simu leo, usimtumie ile meseji ya kufowadi, ongea naye.

Nikiwa hapo najihubiria vizuri nikakumbuka ile orodha ya shukrani ya mwaka jana. Niliiandika mimi. Na yule mzee anayefungua kanisa saa kumi na moja asubuhi, anafuta viti, amefanya hivyo tangu tukiwa chini ya mti, sikumwandika. Si kwa ubaya, sikumkumbuka tu, kama tu vile mimi sikukumbukwa. Nililia kwa matatu wapendwa, watoto wakadhani nimeumwa.

Jana nimeenda kwake kumwomba msamaha. Akacheka, akasema hata hakujua kulikuwa na orodha. Jumapili hii atakaa mbele na tutamwombea, lakini goti linamsumbua na boda haiwezi. Mwenye gari atakayepitia kwake saa mbili aniambie mapema.