Nusu kwa Nusu

Mjomba wangu alifundisha hesabu mpaka akastaafu, kwa hiyo nilidhani fumbo la milango mitatu lingemfurahisha. Nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya mingine kuna mbuzi. Ukishachagua mlango, mwendesha mchezo, ambaye anajua gari liko wapi, anafungua mmoja kati ya ile miwili na kukuonyesha mbuzi. Kisha anakuuliza: unabaki hapo ulipo au unahama?

"Hama," nikamwambia. "Ukibaki unashinda mara 1 katika 3, ukihama mara 2."

"Milango iliyobaki ni miwili. Nusu kwa nusu. Pana nini cha kujadili?"

Nikaleta vikombe vitatu na kifungo cha shati. Nilimwachia yeye kazi ya kuficha, maana nilijua angeniita mwizi. Alikuwa akikikandamiza kikombe kwa kiganja kizima, utadhani kifungo kina miguu. Kila raundi nikahama, na mara nyingi nikakipata. Bahati, akasema. Nikabadili, nikawa nabaki na kikombe changu, nikaanza kushindwa.

"Umeona? Bahati imekugeuka."

Nikamwambia basi tuchukue milango 100, wewe uchague mmoja, mimi nifungue 98 yenye mbuzi. Hakuniacha nimalize: eti nimebadilisha swali. Kusema kweli hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu mfano huo wa milango 100 ndio ulionifungua macho mimi mwenyewe.

Nikaona nimtulize kwamba hayuko peke yake. Marilyn vos Savant, mwandishi wa safu ya maswali na majibu, alipotoa jibu hilo katika jarida la Parade la Marekani mwaka 1990, alimiminiwa barua zipatazo 10,000, nyingi za kumpinga, na karibu 1,000 zilitoka kwa wenye shahada za uzamivu.

Uso ukamchangamka. "Watu elfu moja wenye uzamivu! Halafu wewe unakuja kubishana na mimi?"

Nikabakiwa na silaha moja. Paul Erdős, gwiji wa hesabu kutoka Hungaria, naye alilikataa jibu hilo katakata, akalainika pale tu alipoonyeshwa mchezo ukirudiwarudiwa kwenye kompyuta. Mjomba alimheshimu sana Erdős. Akanyamaza kidogo, akavipanga vikombe kimoja ndani ya kingine, akakitia kifungo mfukoni.

"Huyo," akasema, "walimchosha tu."